Mtaalamu wa Baridi

Kwa miaka sita nimekuwa nikilipwa mshahara ili nikae mahali pa baridi, na nadhani hilo ndilo lililoniharibu akili. Ghala letu liko Jebel Ali, Dubai. Nje jua linachoma mpaka mlango wa gari haushikiki, ndani kuna chumba tunachokiita friza, digrii ishirini chini ya sifuri, kimejaa kuku, samaki na viazi vya mahoteli. Mimi naendesha foklifti humo, kile kigari cha kunyanyulia mizigo. Nashusha paleti, zile chaga za mbao zilizopangwa maboksi, napandisha paleti. Tunaingia wawili wawili kwa dakika ishirini, kengele inalia, tunatoka kupasha mwili joto, tunarudi. Hakuna anayeruhusiwa kuingia peke yake, na mlangoni kuna ubao wa kuandika nani yuko ndani, ili mtu asije akasahaulika humo akakutwa kesho yake amekuwa bidhaa.

Sasa mtu akikaa kwenye kazi hiyo miaka sita anaanza kujiona. Mimi nilijiona sana. Mfanyakazi mpya akitoka friza anatetemeka, nilikuwa namtazama kwa huruma ya kifalme na kumwambia, "Utazoea." Bwenini kwetu, Dubai Investments Park, wenzangu wakigombana kuhusu kiyoyozi, mimi nalala kifua wazi makusudi ili wanione. Natoka mkoa wa Tanga, mahali ambapo ukivaa sweta watu wanakuuliza kama una malaria, lakini ungenisikia nikizungumzia baridi ungedhani nilinyonya barafu.

Ndiyo maana nilipoanza kutazama video za watu wanaotembea peke yao milimani kwenye theluji, shanta mgongoni na ndevu zimeganda, sikuwastahi. Nilisema moyoni, huyu anaringa nini? Mimi nafanya hivi kila siku, tena nikiwa na kuku wa tani moja mbele yangu.

Nikachagua Georgia, nchi ya milima ambayo wakati ule mwenye ukaazi wa Emirates aliingia bila viza. Mpango wangu ulikuwa mwepesi kuueleza: nifikie nyumba ya wageni katika kijiji cha mwisho wa barabara, kisha nipande bonde peke yangu hadi kwenye kibanda cha wachungaji ambacho majira ya baridi hukaa kitupu, nilale huko siku mbili, nirudi. Nikaangalia hali ya hewa kwenye simu. Digrii saba chini ya sifuri. Nilicheka kwa sauti. Saba! Sisi kwenye saba chini ya sifuri tunavua glavu.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo hainichekeshi hata leo, na afadhali niiseme mapema. Nilikuwa na likizo ya siku thelathini, na kila mwaka niliipeleka yote nyumbani Muheza, kwa mke wangu na watoto wetu wawili. Mwaka huo sikutaka. Nilikuwa nimechoka kwenda nyumbani. Nikifika, nyumba inajaa. Shangazi ana shida, binamu ana shida mbili, mwenyekiti wa mtaa anapita kunisalimia na shida yake kaishika mkononi. Mimi nakaa kwenye kochi nililolinunua mwenyewe, napakuliwa kwenye sahani za wageni, na wanangu wananiamkia kwa adabu mno, kama mkaguzi wa shule. Nilitaka siku kumi tu mahali ambapo hakuna binadamu anayetaka kitu kwangu. Kumwambia mke wangu maneno hayo sikuthubutu. Nikamwambia likizo imekataliwa mpaka mwezi wa sita. Akanihurumia, Mungu anisamehe, akanitumia ujumbe wa sauti akiwaombea dua mabosi wangu walegee mioyo.

Kazini nako nikaomba siku kumi kati ya zile thelathini, nikasema naenda nyumbani. Ningesema nini? Kwamba mtu wa friza ameomba ruhusa akatafute baridi? Basi ikawa mke wangu anajua niko kazini, na kazini wanajua niko kwa mke wangu. Nilijipongeza kwa ujanja huo. Sikuona kwamba nilikuwa nimejifuta duniani kwa mikono yangu miwili.

Mwenzangu wa kuingia naye friza ni Mganda. Mimi namwita Uganda, yeye ananiita Tanzania, na hatujawahi kuona sababu ya kuongeza majina mengine. Siku ya mwisho kabla ya likizo alinishika bega.

"Tanzania, usalimie sana madam wako. Na watoto. Lakini usirudi hapa mikono mitupu, you hear? Zile korosho za last time, wallahi mimi bado naziota."

"Inshallah," nikasema, nikatazama pembeni.

Vifaa nilivinunua Deira, kwenye duka la jumla lenye kila kitu kuanzia sufuria hadi viti vya ufukweni. Muuzaji alinionyesha fimbo mbili za kutembelea mlimani. Nikachukua moja, nikamwambia mimi si mgonjwa. Hema sikununua, maana kibanda kipo. Lakini nilichokiamini kuliko vyote kilikuwa suti ya kazini, ile nene yenye mistari inayong'aa, pamoja na viatu vya friza. Nilivitoa ghalani kwa kusema navipeleka kufuliwa. Nguo iliyonilinda kwenye ishirini ingeshindwaje na saba? Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na mpaka leo kwenye karatasi haina kosa.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya bibi mmoja wa miaka sabini hivi, mfupi, mpana, mwenye ng'ombe watatu na jogoo. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Asubuhi niliyoondoka nilimwonyesha bondeni, kisha vidole viwili, siku mbili. Akatazama viatu vyangu. Akatazama mbingu. Akasema maneno mengi, akainuka, akatungua ukutani vitu viwili vya mviringo vilivyosukwa kwa fito na ngozi, akanikabidhi. Nilidhani ananiuzia mapambo. Nikamrudishia kwa tabasamu na kumwekea mkono kifuani, kumaanisha nashukuru sana bibi yangu, nitanunua nikirudi.

Nikaanza safari saa mbili asubuhi, jua limetoka, nikipiga mluzi.

Theluji ninayoijua mimi ni ile inayoota kwenye kuta za friza. Ni nyembamba, ngumu, unaikwangua na kuifagia. Hatua yangu ya kwanza nje ya uzio wa bibi nilizama hadi gotini. Ya pili, hadi pajani. Nikafikiri nimekanyaga shimo, nikasogea pembeni. Pembeni nako shimo. Ilinichukua kama nusu saa kuelewa kwamba nchi yote ilikuwa hivyo, na kwamba kila hatua ningelazimika kuuinua mguu kwa mikono kama ninavyoinua kiroba.

Halafu ile suti. Suti ya foklifti imeshonwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kulifikiria kwa sababu nimekaa miaka sita. Ukipanda mlima nayo unapikika. Jasho lilinitoka mgongoni, likashuka kiunoni, likajaa viatuni, na kila niliposimama kupumua likageuka maji ya baridi yaliyonishika mwili mzima. Viatu vya kazini navyo mbele vina chuma, ili paleti ikidondoka isikuponde vidole. Chuma kile kilivuta baridi yote ya bonde na hakikuiachia tena.

Nikaamua kunywa maji. Chupa zote mbili zilikuwa jiwe. Mimi, niliyetumia miaka sita kugandisha kuku wa watu, haikunijia hata mara moja kwamba maji yangu nayo yanaweza kuganda. Chapati nilizopika bwenini ziligongana kama vigae. Nililamba moja. Nikala theluji kidogo, nikazidi kutetemeka, nikajiambia kwa sauti, "Utazoea."

Kwenye saa nne na nusu wingu lilishuka bondeni. Sikuliona likija. Nilikuwa nimeinama nikiutoa mguu, nilipoinuka hakukuwa na mlima, wala mbingu, wala chini. Kila kitu kilikuwa cheupe kimoja. Kwa makadirio yangu nilikuwa nimetembea kilomita tano, nimekaribia kibanda. Lakini moyo ulishanitoka, nikageuka nifuate nyayo zangu kurudi. Upepo ulikuwa umezifukia. Nikashuka kwa kubahatisha, nikizunguka vichaka, nikiapa kwamba ule mti nimeupita. Sijui nilikwenda hivyo muda gani. Mara ardhi ikaniachia, nikatumbukia hadi kifuani kwenye uwazi uliofichwa na matawi ya msonobari mdogo uliozikwa na theluji.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikajaribu kutoka, nikazama zaidi. Shanta ilinikaba nyuma, fimbo yangu moja ilikuwa imevunjika, na miguuni sikuwa na habari ya vidole. Kisha nikaogopa. Niliogopa mpaka nikaita mama, na mama yangu ni marehemu.

Hapo ndipo niliposimama, au tuseme niliponing'inia, nikahesabu watu watakaonitafuta. Ghalani ukichelewa kutoka, mtu anafungua mlango na kukutukana. Hapa? Mke wangu atapiga simu, haitapatikana, atasema maskini, wamemfungia friza. Siku kumi zitapita. Uganda ataona sijarudi, atasema maskini, kanogewa na mkewe, mwacheni. Yule bibi aliniona nikiondoka kwa vidole viwili na jina langu hawezi kulitamka. Watu wawili wanaonipenda na kunizoea zaidi duniani walikuwa wametulia kabisa, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba niko kwa mwenzake. Nililia. Machozi yalinichoma pua, na pua hiyo nitaieleza baadaye.

Simu ilikuwa na chaji kidogo na mtandao hakuna kabisa. Nikafungua jina la mke wangu, nikabonyeza kile kipaza sauti, nikarekodi.

"Mama watoto," nilisema, "nisamehe. Siko Jebel Ali. Niko Georgia. Ni nchi. Ina theluji. Nimezama. Likizo hawakuninyima, nilikudanganya. Nilikuja huku kwa sababu nimechoka kuja nyumbani. Nikija nakuwa mgeni kwangu mwenyewe. Hakuna anayeniuliza habari yangu, wote wananiuliza nimewaletea nini. Hata wewe. Hata wewe, mama watoto. Nilitaka kukaa peke yangu, sasa nimekaa. Hati ya kiwanja iko kwenye bahasha chini ya nguo zangu za sikukuu. Waambie watoto baba yao alikuwa..." Hapo nilitafuta neno la kumalizia, sikulipata, nikalia tena, kidole kikaachia kitufe, ujumbe ukabaki ukisubiri mtandao, na simu ikazima. Dakika nne. Nilisikitika kufa huku maelezo hayajakamilika.

Sijui nilikaa humo muda gani. Ninachojua ni kwamba jogoo aliwika. Nikajua akili imeanza kuniacha. Akawika tena, karibu kabisa, halafu ng'ombe akalia, halafu nikasikia harufu ya moshi wa kuni. Wingu likachanika kidogo, na mbele yangu, mahali ambapo mtoto mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe, nikaona paa, bomba la moshi, na kwenye kamba mbele ya nyumba, soksi zangu nilizoanika asubuhi. Nilikuwa nimepanda, nimegeuka, nimezunguka, nimeaga dunia, na kwa saa zote zile sikuwa nimetoka kwenye malisho ya ng'ombe wa yule bibi.

Akaja yeye mwenyewe. Miguuni alikuwa amevaa yale mapambo ya ukutani, na alitembea juu ya theluji pale nilipozama kana kwamba amevaa nyungo mbili. Mkononi alikuwa na kamba ya ng'ombe. Alinitupia, nikaifunga kwapani, akanivuta kwa utulivu, bila haraka, akiongea muda wote. Sikuelewa neno, lakini sauti ile naijua, mke wangu huitumia watoto wakirudi na matope.

Alinivua viatu, akaniweka karibu na jiko, akanilisha mchuzi wa maharage. Simu yangu aliiweka juu ya jiko pamoja na soksi. Nilikuwa kwenye bakuli la pili nilipoisikia ikiita kwa furaha, imepata joto, bibi kaiwasha, imepata mtandao wa humo ndani. Nikaruka. Ujumbe ulikuwa bado una ile saa ndogo ya kusubiri kwenda. Nilikuwa na nafasi ya kuufuta. Nikabonyeza, lakini vidole vilivyoganda simu havivitambui. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, na badala ya kufuta nikaucheza. Sauti yangu ikajaa jikoni: mama watoto nisamehe, siko Jebel Ali. Bibi akaacha kijiko, akasikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa, na nilipofika kwenye kulia akanipigapiga mgongoni. Ujumbe ulipokwisha ulikuwa una alama mbili. Kabla sijameza mate, zikawa za buluu.

Hakujibu. Siku hiyo, wala iliyofuata. Nilipiga, hakupokea. Siku zilizobaki nilizimalizia kwenye zizi la bibi nikizoa samadi, nikiitazama simu kila baada ya beleshi. Kifo kilikuwa kimeniacha nikabaki na jambo baya zaidi. Nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba nimechoka kuja kwake, kwa sauti yangu, huku nalia, akaamini.

Nikarudi Dubai na pua iliyobabuka ngozi yote. Kabla ya kufika bwenini nilipita Deira, nikanunua korosho za nchi nyingine, nikabandua karatasi ya jina. Uganda alizipokea kwa mikono miwili.

"Hizi sasa," alisema akitafuna, macho kafumba. "Korosho ni za Tanzania tu. Za hapa ni takataka, khalas. Lakini Tanzania, pua yako imefanya nini?"

"Jua."

"Jua la kwenu ni kali hivyo?"

"Mwaka huu limezidi," nikasema.

"Na madam? Alifurahi kukuona?"

Nikamwambia naenda kuangalia betri ya foklifti.

Siku ya tisa tangu nilipotumbukia, mapumziko ya mchana, nimeketi nje kwenye ukingo wa kupakulia mizigo bado nimevaa suti, ujumbe wake ukaingia. Sauti, dakika tatu. Nilikaa nikiutazama kama bahasha ya mahakama. Kisha nikausikiliza.

"Baba watoto," alisema, na sauti ilikuwa shwari, ndiyo iliyonitisha. "Nimekusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nililia, nikajua umekufa, mpaka nilipoona unapiga simu. Ya pili nilikutukana, sitarudia, watoto wapo. Ya tatu nilicheka, uliposema Georgia ni nchi. Ya nne nikaona na mimi nikwambie ukweli.

"Wewe ukija, mimi mwezi mzima silali. Ndugu zako wanaingia kuanzia alfajiri. Sufuria hazishuki jikoni. Nachinja kuku, natandika vitanda, nasikiliza shida za watu wote, na wewe umekaa kwenye kochi umenuna, eti hakuna anayekuuliza habari yako. Hivi unadhani mgeni anachoka kuliko mwenye kumpikia? Siku ukipanda basi la kwenda Dar, nawapeleka watoto kwa mama, naenda Lushoto kwa dada. Kila mwaka. Nalala siku tatu, simu nimezima. Wewe nakwambia umeme umekatika. Na nikilala kule, baba watoto, nakupenda tena. Ndiyo nilitaka ujue. Haya. Mwezi wa sita unakuja au huji? Sema mapema nijue."

Jambo la kwanza nililolihisi ni hasira. Naliandika hapa ili aibu yangu itimie. Miaka yote ile umeme wa Muheza nimeulaani bure! Mimi, mwongo niliyetolewa shimoni kwa kamba ya ng'ombe, nilikaa pale Jebel Ali nikiwa nimeudhika kwamba mke wangu amenidanganya. Hasira ilidumu kama dakika moja. Kisha nikaiona ile nyumba kutoka upande wa jikoni, mahali ambapo sikuwahi kukaa hata siku moja, na nikaona haya mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikamwandikia: nakuja. Nikaongeza, kwa sababu nilijiona nimekuwa mtu mpya, kwamba safari hii twende wote Lushoto, mimi na yeye, ndugu tusiwaambie.

Alijibu papo hapo, kwa maandishi.

"Lushoto nakwenda peke yangu. Wewe utabaki kupika."